Jiwe Langu Lilikuwa la Kwanza

Nyasho, Musoma
9 Februari 1986

Kaka Felisian,

Kuanzia leo ukiniandikia usiandike tena "Kwa mdogo wangu Boniphace". Andika hivi: "Kwa Mheshimiwa Anayekimbiza Mji". Sikutanii. Nikitia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi mmoja tu, Musoma nzima inatoka mbio. Walimu wanakimbia, masista wanakimbia wameshika magauni, makarani wenye matumbo wanakimbia na mafaili kwapani. Wewe huko Ulaya ukipiga mluzi nani anageuka? Hata mbwa hageuki, maana hajui Kiswahili.

Sasa nikueleze kabla hujasema nimeanza bangi. Petroli hakuna. Basi la kwenda Bunda limebaki moja, na hakuna anayejua litaondoka saa ngapi, labda asubuhi, labda kesho kutwa. Watu hawawezi kusimama stendi siku nzima kama miti. Kwa hiyo kila mtu analeta jiwe lake, analipanga kwenye mstari, anakwenda kuendelea na shughuli zake. Jiwe ndiyo mtu. Mwalimu ana jiwe alilopaka chokaa, mama wa vitumbua ana kipande cha tofali, sista ana kokoto nyeupe safi kama roho yake. Na mlinzi wa hayo mawe yote ni nani? Mdogo wako. Basi likijaa mafuta likageuza pua, napiga mluzi, kila mtu anakimbilia jiwe lake.

Sheria ni moja tu, na niliitunga mimi: jiwe linashika nafasi, ila halipandi gari. Utingo akifika kwenye jiwe anauliza, "La nani hili?" Mwenyewe asipoitika, teke moja pembeni, anayefuata apande. Hakuna kulia wala kutaja cheo. Wale walimu walionifukuza kidato cha pili kwa kuwa walishindwa kunifundisha, leo wananiita Bwana Boniphace.

Mama hajambo. Nilikwenda Butiama kwa miguu na baiskeli za watu. Nilipofika hakuniuliza nimechoka, aliuliza, "Baba anasemaje?" Yaani mpaka leo hajawahi kukuita Felisian! Eti umebeba jina la baba yake, na wewe ndiye Baba. Mimi ananiita Boniphace, tena kwa kelele, mpaka ng'ombe wa jirani wanajua nimekuja.

Niambie, huko Ujerumani mawe mnapanga wapi?

Ni mimi,
Boniphace Masatu
Meneja wa Mawe

---

Leipzig, Ujerumani Mashariki
16 Machi 1986

Mheshimiwa Anayekimbiza Mji,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake inachanika. Nilicheka peke yangu chumbani, na hapakuwa na wa kumsimulia.

Umeuliza mawe. Huku hakuna mawe. Kuna kitu kinaitwa tramu. Ni treni ndogo, mabehewa mawili au matatu, inapita katikati ya barabara ya mji, juu ya reli zilizozama kwenye lami hata baiskeli inazivuka. Haitumii petroli. Juu yake kuna waya wa umeme, nayo ina mkono inaoupeleka kugusa waya, basi inakwenda. Haina tairi la kupasuka. Kibao kikisema inafika saa fulani, inafika. Mwanzoni nilikuwa natoka mapema na kusubiri sana, kwa tabia ya nyumbani. Wenzangu walinicheka.

Kila asubuhi naipanda kwenda chuoni. Tunajaa, wafanyakazi, wanafunzi, wazee wenye vikapu. Inakimbia vizuri wala haiyumbi. Ila hakuna anayemwambia mwenzake habari za asubuhi. Nakaa bega kwa bega na mtu mpaka najua harufu ya koti lake, halafu anashuka kama vile pale nilipokaa pana hewa tu. Tangu Septemba nimesalimiwa mara chache sana. Mmoja wa walionisalimia alikuwa amelewa.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Nimeweka oda ya simu. Alhamisi tarehe 12 Juni, saa kumi alasiri ya huko kwenu, nitapiga Posta ya Musoma. Nataka kusikia sauti ya mama. Tangu niondoke sijaisikia, na juzi nilijaribu kuikumbuka nikiwa kwenye tramu, nikashindwa. Niliwakumbuka mpaka kuku wake, ila sauti haikuja.

Mlete mama siku hiyo. Kazi nyingine zote nimekusamehe, hii usikose.

Kaka yako,
Felisian

---

Nyasho, Musoma
27 Aprili 1986

Kaka,

Kwanza hiyo tramu. Toka nisome barua yako silali. Nimewasomea watu wote wa stendi. Mama Marcelina, jirani yangu anayekaangaga furu hapa Nyasho, alisema, "Treni bila petroli? Huyo kaka yako ameoa jini huko." Nikamwambia wewe kaanga samaki wako, mambo ya teknolojia tuachie sisi wenye kaka Ulaya.

Nimefikiri mpaka kichwa kimetoa moshi. Sisi shida yetu ni nini? Petroli, na matairi, na spea. Tramu haina petroli, haina tairi. Kwa hiyo tramu ni dawa yetu, hata mtoto wa darasa la pili anaona! Reli itoke Musoma mjini, ipite hapa Nyasho, iende Kiabakari, ifike Bunda, halafu mkia mmoja ukate kwenda Butiama kwa mama. Hata reli tusiombe mbali. Pale Kiabakari mgodi wa zamani wa dhahabu si uliachaga vipande vya reli vya vitoroli kwenye majani? Nimevipima kwa macho. Vinatosha kuanzia.

Na Mungu ananipenda. Kuna mtaalamu wa ramani za mji anakuja kukusanya maoni ya wananchi pale ukumbini, jirani na stendi, Musoma iweje miaka ijayo. Wengine watasema choo cha soko. Mimi nitasema tramu. Nitasimama na picha yako ile uliyonitumia, umesimama kando ya tramu, niwaonyeshe ushahidi. Jiandae kuwa maarufu.

Habari ya simu tulia, imeshapangwa na mtaalamu mwenyewe, yaani mimi. Basi linalotoka Bunda linajaaga hukohuko, Kiabakari halisimami hata umlilie dereva. Kwa hiyo mimi Alhamisi hiyo napanda basi la asubuhi hapa Musoma, jiwe langu litakuwa la kwanza, naenda nalo mpaka Bunda, linageuza, nakalia siti yangu na nyingine naiwekea begi. Mama atakuwa barabarani Kiabakari. Nikimwona, nagonga bodi, dereva ananijua, anasimama. Saa kumi haijafika tuko Posta tunapepea.

Mama nimeshamwambia. Unajua amefanya nini? Ameshafua ile kitenge ya maua ya njano, ameikunja, ameiweka chini ya godoro inyooke. Simu ni Juni, sasa hivi ni Aprili! Nikamwambia, mama, kwenye simu hawaoni nguo. Akasema, "Baba ataijua sauti ya mtu aliyevaa vizuri."

Meneja wa Mawe na Reli,
Boniphace

---

Leipzig
20 Mei 1986

Mdogo wangu,

Nimecheka habari ya vitoroli. Lakini kwa kuwa utasimama mbele ya watu na picha yangu, usiseme uongo ukinitaja.

Nilimuuliza fundi mmoja mzee wa tramu, yule anayekujaga kutufundisha umeme. Aliniuliza, mji wenu una watu wangapi wanaotoka sehemu moja kwenda sehemu moja kila asubuhi? Nikafikiria Nyasho na mjini. Nikafikiria Bunda na mashamba ya pamba, mtu mmoja hapa, mwingine ng'ambo ya mlima na ng'ombe wake. Nikamweleza hivyo. Akasema reli ni nzuri sana pale watu wanapojaa mpaka mabasi yanagongana. Hapo behewa moja linabeba watu wa mabasi mawili, na waya unafanya kazi wakati petroli ni shida. Lakini reli ukishailaza imelala. Soko likihama, yenyewe haihami. Tramu moja ikiharibika, zilizo nyuma zote zinasimama zikilia kengele. Na anayekaa mbali na reli anatembea kama zamani. Kwa mji kama wetu, alisema, tengenezeni barabara, tafuteni mabasi, na umeme usiokatika. Nilikasirika, nikamwona anatudharau. Baadaye nikiwa kitandani nikaona amesema kweli.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wamenitaka niseme kama nitaongeza miaka miwili ya masomo. Wiki inayofuata baada ya simu natakiwa kusaini. Nikisaini, sirudi mpaka hiyo miaka iishe. Nisiposaini, Septemba hii nipo nyumbani na cheti kidogo. Boniphace, nimechoka. Siyo masomo, masomo nayaweza. Ni huu ukimya. Nikirudi chumbani jioni nasema "hodi" mlangoni kwangu mwenyewe.

Nimeamua nitamuuliza mama kwenye simu. Akisema rudi, narudi. Akisema kaa, nakaa. Neno lake tu, sitaongeza wala kupunguza. Ndiyo maana nakuomba uwe kwenye lile basi.

Felisian

---

Nyasho, Musoma
15 Juni 1986

Kaka Felisian,

Si nilikwambia? Nani kama mimi? Umesikia mwenyewe kwa masikio yako!

Safari ilikuwa ya kifalme. Mama alikaa dirishani, mimi nikamkinga na vumbi kwa begi. Njia nzima analalamika dereva anakimbia, halafu akilala kidogo anaamka anauliza mbona haendi. Pale Posta alishika ile simu kwa mikono miwili kama mtungi uliojaa. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo na alikohoa, ni vumbi la njiani, usihofu. Na simu zenyewe unazijua, mtu anasikika kama yuko ndani ya debe.

Ulivyomuuliza ukae au urudi, mimi nilikuwa pembeni nasikia. Akakujibu vizuri, kaa usome mwanangu, vumilia. Maneno ya mzazi hayo. Basi saini kaka, ukirudi uwe mkubwa, nipate wa kumringia.

Halafu na lile la tramu nimelimaliza. Mkutano ulikuwa siku nyingine, kama juzi yake hivi. Nilisimama na picha yako juu. Mwanzo walicheka, mwenyekiti akasema, "Kijana, tramu inakula nini, pumba?" Nikamjibu, "Inakula umeme mzee, haijai tumbo kama wajumbe." Ukumbi ulivunjika mbavu! Halafu nikaongea kweli, nikasema watu wetu wanasubiri gari kama wanasubiri kiama, mama zetu wanakaa barabarani juani, na gari likija linawapita. Wakapiga makofi mpaka yule mtaalamu akaandika jina langu. Jina langu kaka! Yale ya fundi wako mzee sikuyasema, yangeharibu hotuba.

Mama amerudi Butiama salama, anakusalimu.

Ni mimi,
Boniphace

---

Butiama
22 Juni 1986

Kwa Baba yangu aliyeko mbali,

Anayeandika ni Eliasi, katekista wetu. Maneno ni yangu mimi mama yako, Wankyo. Nimemwambia aandike kama ninavyosema asinipambe.

Mimi ni mzima. Mvua iliacha mapema, mtama si mbaya. Kuku yule mwekundu amekufa, usisikitike, alikuwa mzee.

Baba, usiumie moyo kwa ajili ya ile simu. Boniphace alikuja Jumamosi akanieleza kwamba Posta walipata habari asubuhi kuwa hutapiga, ndiyo maana hakuja kunichukua. Nikamwambia sawa. Huko kuna shule, na shule ina mambo mengi. Mtu hawezi kuacha shule akapige simu.

Mimi nilitoka alfajiri nikafika Kiabakari kukiwa na baridi bado. Nilikaa kando ya barabara karibu na mwanamke anayeuza viazi, akanipa gunia la kukalia. Basi lilipita linakwenda Bunda. Nikasema Boniphace yumo humo, nikapunga. Halafu jua likapanda, basi likarudi. Nikasimama katikati ili Boniphace anione. Wakanipigia honi, nikatoka. Mwenye viazi alisema labda kuna lingine. Nikakaa. Kitenge ilishika vumbi kidogo, nimeshaifua.

Kwa hiyo yale niliyotaka kukuambia kwa mdomo nayasema hapa. Kama hiyo shule ina mahali pa kusimama, simama hapo, urudi. Usiongeze. Nyumba imekuwa kubwa. Jioni nikipika nakosea naweka ugali wa watu watatu. Hiyo si amri. Mimi ni mama tu, wewe ndiye unayejua shule. Lakini ungeniuliza kwenye simu, ningesema rudi.

Habari nzuri ni ya mdogo wako. Watu waliotoka mjini wanasema Alhamisi ile ile alisimama asubuhi ukumbini mbele ya wakubwa, akaongea vizuri, akapigiwa makofi. Akataja na akina mama wanaokaa barabarani juani. Nimefurahi. Sikujua kama anatuonaga.

Eliasi amechoka kuandika.

Mama yako,
Wankyo

(Nami Eliasi nakusalimu katika Bwana. Alipofika pale kwenye ugali aliinuka akaenda kuchochea moto, nikadhani amemaliza.)

---

Leipzig
30 Julai 1986

Boniphace,

Barua yako na ya mama zimefika siku moja. Nimesoma yako kwanza.

Siku ile ya simu yule mama aliniita Felisian. "Felisian mwanangu." Nilisikia. Nikajiambia ni simu imemtisha, au amezeeka, au ameambiwa na mtu kwamba huku ndilo jina langu. Mtu mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa na nani. Nililia mbele ya watu waliokuwa wanasubiri zamu ya simu nyuma yangu. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nilimwambia usiku nasikia kengele ya tramu na kudhani ni ng'ombe wa nyumbani wanarudi. Nilimuuliza nirudi au nikae. Akasema kaa.

Nikasaini.

Leo nilipanda tramu baada ya chuo, sikushuka kituo changu. Nilikwenda mpaka mwisho wa reli, pale inapozunguka na kurudi. Dereva aliniangalia kwenye kioo. Nikarudi nayo mpaka mwisho wa upande wa pili, nikarudi tena. Hakuna aliyeuliza.

Yule mama ni nani? Na kwa nini ulimwambia mama kwamba sikupiga? Anadhani nilimsahau, na bado ananitafutia udhuru.

Ukijibu, usinichekeshe.

Felisian

---

Butiama
7 Septemba 1986

Kaka Felisian,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naanza na utani, nachana. Umesema nisikuchekeshe. Sijui kuandika bila hivyo, utanivumilia.

Yule ni mama Marcelina wa furu. Hana kosa. Nilimwendea mchana, nikamwambia wewe unamjua Felisian kwa barua zake zote nilizokusomea, niokoe. Alikataa. Nikapiga magoti kwenye magamba ya samaki. Njia nzima kwenda Posta nilikuwa namfundisha: muite Baba, muite Baba, usimwite Felisian. Aliposhika simu akaisikia sauti yako, akasahau yote. Alilia na yeye. Uliyomwambia hajamwambia mtu, hata mimi hajaniambia, na toka siku hiyo haniuzii samaki.

Neno la "kaa" ni langu. Ulipouliza, alifunika simu kwa kiganja akaniangalia, nami nikamnong'oneza, mwambie akae. Hesabu yangu ilikuwa fupi: ukirudi Septemba utamkuta mama, utamuuliza habari ya simu, na mimi nitakuwa nimekwisha. Miaka miwili, nikaona, watu watasahau. Ndiyo nikakufungia huko kwa ajili hiyo tu. Mama nikamwambia hukupiga, ili naye asije akaandika kukuuliza. Sikumfikiria Eliasi na kalamu yake.

Barua yako iliponifikia nilitembea usiku na mchana kuja hapa. Nimemwambia mama yote, hakuna nililobakiza. Nilitegemea kelele, unajua anavyoniitaga. Hakupiga kelele. Alikaa akichambua mchicha mpaka ukaisha, halafu akaniuliza, "Sauti yake ikoje siku hizi?" Nikasema imekuwa nene. Akasema, "Iigize." Mimi, Kaka, ninayeigiza kila mtu! Nawaigiza wajumbe, nawaigiza masista, naigiza mpaka basi likipanda mlima. Nilifungua mdomo, haikutoka. Akasubiri. Halafu akainuka akaenda jikoni, akapika ugali mwingi kama anavyofanyaga, akaniwekea na mimi. Mpaka leo hajanisemesha tena, ila sahani ananiwekea.

Sina kazi tena. Tangu Agosti wameruhusu pikapu za watu binafsi kubeba abiria, na petroli imeanza kuonekana. Pikapu inasimama popote mtu aliponyoosha mkono, mpaka Kiabakari kwenye viazi. Fundi wako mzee alisema kweli, watu wetu wametawanyika, wanataka kitu cha kuwafuata walipo. Stendi haina foleni. Mawe yamebaki pale kwenye mstari, ya mwalimu, ya sista, hayana watu, watoto wanayatumia kuchezea. Yule mtaalamu hakuandika tena habari za tramu. Nadhani jina langu aliliandika ili ajue nani wa kumkwepa.

Ukiweza kupata simu nyingine, andika siku. Mama nitamleta hata mgongoni. Nami nitakaa nje ya Posta, sitashika simu.

Sasa nilitaka nifungie hapo. Nilikuwa nimeshapanga sentensi ya kwamba siku ile petroli haikupatikana, basi lilichelewa, nchi ni ngumu, na kama tungekuwa na reli mama angefika. Ni sentensi nzuri. Watu wa ukumbini wangeipigia makofi. Lakini mama aliliona basi likipita, mara mbili, na wewe umesoma.

Basi lilikuwepo, Kaka. Lilikuwa na mafuta. Jiwe langu lilikuwa la kwanza, nililiweka jana yake jioni, lile jeusi la kutoka ziwani. Mkutano ulianza asubuhi ileile, ukumbi na stendi ni ukuta tu katikati, nikasema naingia, nasema maneno mawili, natoka. Nilipofika pale kwenye akina mama wanaokaa barabarani juani, watu walikuwa wameanza kusimama kunipigia makofi. Na utingo akauliza nje, "La nani hili?" Akauliza tena. Mara ya tatu akaita jina langu, maana kila mtu stendi anajua jiwe langu.

Nilisikia, Kaka. Makofi hayakuzidi ile sauti. Niliisikia na honi, nikainua picha yako juu zaidi, nikaendelea kuongea.

Boniphace